Nini maana ya "kutofungamana na upande wowote"?

Neno lenyewe lina kamba ndani yake. Vitu vilivyofungamana vimeshikana kiasi kwamba kimoja kikivutwa, cha pili kinafuata. Nchi isiyofungamana na upande wowote ni ile iliyokataa kufungwa hivyo na dola kubwa. Haiingii katika kambi yake ya kijeshi, haiipi ardhi ya kuweka jeshi kwa ajili ya ugomvi wake na wengine, wala haiiachii kazi ya kuichagulia marafiki.

Watu wengi huichanganya dhana hii na ile ya Uswisi, nchi ambayo tangu 1815 dola za Ulaya ziliukubali msimamo wake wa kutoingia vitani kumsaidia yeyote. Ya kwetu ilizaliwa kwingine, kwa watu waliokuwa wametoka kutawaliwa au bado wanatawaliwa. Aprili 1955 nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, Indonesia. Septemba 1961 nchi 25 zikakutana Belgrade, Yugoslavia, na harakati ya nchi zisizofungamana ikaanza rasmi. Nehru wa India, Nasser wa Misri, Tito wa Yugoslavia, Sukarno wa Indonesia na Nkrumah wa Ghana hawakuwa watu wa kukaa kimya. Walizungumza kwa sauti kubwa juu ya ukoloni na silaha za nyuklia. Walichokataa ni kupangiwa la kusema na Washington au Moscow, vichwa vya kambi mbili za Vita Baridi.

Tanzania ilipimwa mapema. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikafungua ubalozi Unguja. Majengo ya Kikwajuni na Michenzani ni kumbukumbu ya urafiki ule. Lakini Tanganyika ilikuwa ikisaidiwa na Ujerumani Magharibi, na sera ya Ujerumani Magharibi ilikuwa kwamba anayemtambua mwenzake wa Mashariki anavunja uhusiano naye. Muungano ulipokuja Aprili, nchi moja ikajikuta na Wajerumani wa aina mbili mlangoni. Mwalimu Nyerere alitafuta njia: Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kikamilifu kama dola. Ujerumani Magharibi haikuridhika. Mwanzoni mwa 1965 iliwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi, waliokuwa wakisaidia kuunda kikosi cha anga. Jibu la Mwalimu lilikuwa kwamba na msaada wake uliobaki ichukue. Kazi ya kufundisha marubani ikaenda kwa Kanada.

Tazama vizuri aliyekosana naye. Hakuwa ameikumbatia Ujerumani Mashariki. Hata hiyo alikuwa ameipa chini ya ilichotaka. Alichokataa ni msaada kugeuzwa hatamu. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo dhana yote: uhuru wa kuamua, pamoja na utayari wa kulipa bei yake. Na bei ilikuwa kubwa kwa nchi iliyokuwa na miaka mitatu tu ya uhuru.

Desemba mwaka huohuo bei ilipanda. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walikuwa wamejitangazia uhuru wao Novemba 11, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaitaka Uingereza iwazime, la sivyo wanachama wavunje nayo uhusiano. Nchi chache zilitimiza ahadi hiyo. Tanzania ilikuwa mojawapo, ikakosa mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5. Miaka mitatu baadaye, Wasovieti walipoivamia Czechoslovakia, Tanzania hiyohiyo ililaani. Aliyefungamana asingeweza kuyasema yote mawili.

Reli ya TAZARA nayo hueleweka vibaya, kana kwamba ni ushahidi wa kuhamia kwa Wachina. Tanzania na Zambia ziliomba kwanza Magharibi, zikaambiwa mradi haulipi. China ikakubali kwa mkopo usio na riba, na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zikakabidhiwa mwaka 1976. Kukopa kwa aliyekubali si kufungamana naye, mradi mkopo haukupi amri ya kufuata.

Leo watu hupima jambo hili kwa kura za Umoja wa Mataifa, na kura peke yake hudanganya. Machi 2, 2022, Baraza Kuu lilipopiga kura kuitaka Urusi iondoke Ukraine, nchi 141 zilikubali, 5 zikakataa na 35 zikajizuia. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Kenya, Rwanda na Kongo ya Kinshasa zilikubali. Zote sita ni wanachama wa harakati, na Uganda ndiyo iliyoandaa mkutano wake mkuu Kampala Januari 2024. Kujizuia kunaweza kuwa uamuzi huru au kuwa woga wa mfadhili, na hivyohivyo kukubali. Swali ni kama nchi ingepiga kura ileile hata kama hakuna aliyeishikia mkopo.

Zambia ya sasa ni mfano mzuri wa kufuatilia. Oktoba 2023 ilitia saini na Marekani, Umoja wa Ulaya, Angola na Kongo makubaliano ya ushoroba wa Lobito, njia ya reli inayotoa madini kuelekea Atlantiki. Septemba 2024 ikatia saini Beijing, pamoja na Tanzania, hati ya kuifufua TAZARA kwa msaada wa China. Njia hizo zikikamilika, shaba yake itakuwa na milango miwili baharini, na hakuna mwenye mlango mmoja atakayeweza kuifungia.