Je, wajua kwa nini muguka hushindana na dawa ya akili?

Mama mmoja hapa Malindi aliniuliza kwa uchungu: "Ndugu yangu, mwanangu nampa vidonge kwa mkono wangu kila usiku, namwona anameza. Mbona zile sauti zimemrudia?" Nikamuuliza mchana kijana hushinda wapi. Barazani, na wenzake. Siku chache baadaye, akifua shati la mwanawe, akatoa mfukoni kimfuko cha nailoni: majani ya muguka na punje mbili tatu za njugu.

Jibu lilikuwa humo. Sehemu za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali, na mojawapo huitwa dopamini. Mtu anaposikia sauti wasizosikia wengine, au kuamini kuwa anawindwa, mara nyingi dopamini huwa imezidi katika sehemu fulani za ubongo. Dawa kama haloperidoli, klopromazini na olanzapini huziba pale dopamini inapopokelewa, mfano wa nta iliyotiwa kwenye tundu la kufuli: ufunguo upo, lakini hauingii. Muguka, ambao ni jamii ya miraa, una katinoni, nayo humwaga dopamini zaidi. Usiku dawa inaziba, mchana majani yanafurisha. Tena muguka humnyima mtu usingizi, na kukosa usingizi peke yake kwaweza kuurudisha ugonjwa.

Linaloniumiza ni hatua inayofuata. Nyumbani husema dawa imekataa, wakaongeza vidonge wenyewe. Shingo ikapinda upande, macho yakageuka juu, taya likakaza. Jirani husema ni jini. Siyo jini jamani, ni dawa, na hospitali ina dawa ya kulegeza misuli hiyo. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Akipata homa kali, mwili ukakakamaa na akachanganyikiwa, msingoje kuche.

Kuacha dawa ghafla kwa kuwa amepata nafuu nako ni hatari, ugonjwa hurudi. Na joto la kaskazi lisichukuliwe kwa wepesi, maana dawa hizi hupunguza uwezo wa mwili kujipoza: kivuli, na maji ya kutosha.

Daktari asiyejua habari ya muguka ataona dozi haitoshi, aongeze. Yule mama alikwenda kliniki na kile kimfuko mkononi, akakiweka mezani mbele ya daktari, mwanawe ameketi kando yake. Dozi haikuongezwa. Mazungumzo siku hiyo yalikuwa juu ya muguka.