Mtego umejaa nzi, mbona embe bado lina funza?

Desemba, msimu wa maembe umeiva, niliingia kwenye shamba moja huko Mkuranga. Mzee mwenye shamba alinipokea na chupa ya maji mkononi, imetobolewa pembeni, ndani nzi wa matunda wamejaa hadi nusu. Nikamwamkia. "Marahaba, bibi shamba. Tazama nilivyowakomesha!"

Nikampongeza kwa dhati, maana wengi hata mtego hawatundiki. Kisha nikaokota embe dodo lililodondoka chini ya mwembe uleule na kulipasua kwa kisu. Nyama karibu na kokwa ilikuwa imelainika na kugeuka kahawia, funza weupe wamejaa tele. Nikamweka mmoja kiganjani. Akajikunja mpaka kichwa kikakutana na mkia, halafu akajifyatua na kuruka. Mzee akanyamaza, akaitazama chupa yake.

Nzi huyu si mwenyeji wetu, asili yake ni Asia. Kenya alionekana kwanza mwaka 2003, na mwaka huohuo akagunduliwa hapa Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimwita Bactrocera invadens wakidhani ni spishi mpya, lakini baadaye ikathibitika ni yuleyule Bactrocera dorsalis wa Asia. Ana mistari miwili ya njano mgongoni, na mara nyingi alama nyeusi kama herufi T tumboni. Mabawa yake ni angavu. Nzi wetu wa zamani, jamii ya Ceratitis, wana mabawa yenye madoa na mistari.

Chambo cha kwenye chupa ile ni metili eujenoli, kitu chenye harufu inayokaribiana na karafuu. Kinavuta madume peke yake. Dume akikila hukitumia kutengeneza harufu ya kuwavutia majike, ndiyo maana anakifuata kama amerogwa. Lakini anayetoboa ganda la embe na kutaga mayai ni jike, na jike hakuwa kwenye chupa. Dume mmoja aliyebaki anaweza kupanda majike kadhaa, kwa hiyo mitego mitatu haikuokoi. Ili njia hiyo ifanye kazi peke yake, itabidi uwamalize karibu madume wote wa eneo zima.

Kazi kubwa ya mtego ni kuhesabu. Kila wiki mimina nzi, wahesabu, gawa kwa idadi ya mitego, kisha kwa idadi ya siku. Tuseme una mitego 4 na kwa siku 7 umepata nzi 84: hao ni 3 kwa mtego kwa siku. Wiki inayofuata ukipata 336, wamefika 12. Hesabu ikipanda hivyo na maembe yako bado ni mabichi, anza kazi leo. Andika kwenye daftari, tafadhali. "Wapo wengi" si hesabu, na haikuambii kama dawa uliyopuliza juzi imesaidia.

Jike tunamkamata kwa njaa. Kabla mayai yake hayajakomaa anahitaji protini, kwa hiyo tunampa chambo cha protini, kwa mfano kilichotokana na hamira, kikiwa kimechanganywa na kiuatilifu kidogo. Unapuliza doa moja la takriban mita moja ya mraba kwenye majani ya kila mti, kila wiki, na unarudia mvua ikikiosha. Huna haja ya kulowesha mti mzima wala kugusa matunda.

Lakini mtu akiniambia ana nguvu ya kufanya jambo moja tu, nitamwambia aokote maembe. Funza akishiba hutoka kwenye tunda, hujichimbia sentimita chache udongoni, na huko hugeuka pupa. Kwenye joto la nyuzi 28, toka yai hadi nzi mzima ni kama siku 25. Kila embe bovu unaloliruka leo ni nzi wa mwezi ujao, wakati mwembe wako wa kuchelewa ndiyo kwanza unaiva. Okota mara mbili kwa wiki, fukia kwenye shimo la zaidi ya nusu mita. Ukiweza, yaweke kwenye hema la wavu mwembamba: nzi wanaoanguliwa hawapiti, ila nyigu wadogo kama Fopius arisanus wanapenya na kurudi shambani. Nyigu huyo, aliyeletwa kutoka Hawaii na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, ni adui wa nzi: hutaga ndani ya mayai yake.

Na maji moto, wale chungu wekundu wanaoishi juu ya mwembe, jamani, msiwachome moto! Najua wanauma. Jike la nzi linawakwepa, na tunda walilolizunguka halitagwi kirahisi. Wachumaji wanaweza kujipaka majivu mikononi.

Shamba moja safi katikati ya machafu halidumu. Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi hawa, ikarudi sokoni 2021 baada ya wakulima wa maeneo kama Makueni kuwadhibiti kwa pamoja.

Jioni ile tulichimba shimo, mimi na mzee na wajukuu zake wawili, tukajaza ndoo kumi na moja. Ng'ambo ya uzio wake jirani ana mapera yameiva na kudondoka, na mti mkubwa wa mkungu nyuma ya nyumba, vyote viwili makazi mazuri ya nzi huyu maembe yakiisha. Mzee akachukua ile chupa na embe nililolipasua, tukaenda kupiga hodi.