Mwezi ngapi leo? Kwa nini saa ya bahari haifanani na saa ya ukutani

Jumamosi moja, miaka mingi sasa, nilikwenda Jambiani, pwani ya Unguja, kutafuta mahali pa kuwafundishia wanafunzi viumbe vya pwani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yamepwa mbali kabisa, akina mama wameinama kwenye mashamba yao ya mwani, watoto wanachokoa pweza kwenye mawe. Nikaandika daftarini: saa nne, pakavu.

Jumamosi iliyofuata nikateremka na basi zima la wanafunzi, saa nne ile ile. Hakuna kijiti cha mwani kilichoonekana. Maji yamefunika kila kitu. Mama mmoja aliyekaa kivulini akisuka makuti akatutazama, akaniita.

"Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Aliuliza siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Sikujua. Nilikuwa na shahada ya mambo ya bahari, na sikujua.

"Leo mwezi tisa. Maji mafu haya, hayapwi mbali, hata mkikaa mpaka alasiri hamtaona kitu. Rudini mwezi kumi na sita."

Tulirudi mwezi kumi na sita, Jumamosi ya tatu, saa nne asubuhi. Pakavu kama mara ya kwanza.

Kosa langu lilikuwa la hesabu ndogo sana. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24, lakini katika muda huo mwezi nao haukai. Unaizunguka Dunia, na kila siku husogea upande wa mashariki kwa kiasi cha nyuzi 12. Ili Unguja iwe tena chini ya mwezi, Dunia hulazimika kuzunguka ziada, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Ndiyo maana maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Zidisha kwa siku 7, unapata karibu saa 6, na kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache. Kwa hiyo saa iliyokupa bahari kavu juma hili, juma lijalo itakupa bahari iliyojaa. Hesabu ya skuli ya msingi, na mimi niliikosa.

Lakini kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku, wakati mwezi hupita utosini mara moja tu? Mvuto hupungua kadiri umbali unavyozidi. Upande wa Dunia unaoutazama mwezi, maji huvutwa zaidi kuliko ardhi yenyewe, yakavimba. Upande wa pili, ulio mbali na mwezi, ardhi huvutwa zaidi kuliko maji, na maji husalia nyuma, nayo yakavimba. Yanakuwa mavimbe mawili, mbele na nyuma, na sisi tunazunguka pamoja na Dunia tukipita chini yake.

Jua nalo huvuta. Ni zito kuliko mwezi kwa mamilioni ya mara, ila liko mbali karibu mara 390 kuliko mwezi, na katika jambo hili umbali ndio wenye kauli. Nguvu yake juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua, mwezi na Dunia hukaa karibu kwenye mstari mmoja, nguvu hizo mbili zikasaidiana. Hilo ndilo bamvua, na hukolea siku moja au mbili baadaye. Hapa Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bamvua kubwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, maji yakafa. Bamvua kubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, hasa mwezi nao ukiwa umesogea karibu na Dunia.

Kuna swali ambalo wanafunzi makini huniuliza kila mwaka. Mwezi mwandamo hupita utosini pamoja na jua, adhuhuri. Mbona basi siku za bamvua maji hujaa saa kumi alasiri, si saa sita mchana? Jibu ni kwamba maji hayaruki kuufuata mwezi. Husafiri kama wimbi refu mno, likizuiwa na mabara na vina vya bahari, na kila bandari ina kuchelewa kwake. Kwa Unguja ni muda wa saa nne hivi. Na kwa kuwa kuchelewa huko hakubadiliki sana, bamvua letu lina saa zake: kujaa kama saa kumi, kupwa kama saa nne, usiku na mchana. Wakulima wa mwani wamejenga kazi yao juu ya saa hizo tangu kilimo hicho kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989.

Wavuvi wa dagaa wana hesabu yao nyingine. Kwao mwezi si mvuto, ni taa. Ukiwa mpevu, bahari nzima ina mwanga, na dagaa hawana haja ya kuja kwenye taa ya chombo. Wavuvi hungoja kiza.

Hapo ndipo utawala wa mwezi unapoishia. Mara nyingi nasikia watu wakiitafuta mvua katika mwezi, na mvua haimo. Mwaka wa mwezi ni siku 354, hupungua siku 11 hivi kwa mwaka wa jua. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka: aliyefunga wakati wa masika akiwa kijana, huifunga tena masika baada ya miaka kama 33. Mvua zenyewe hazikuhama. Wazee waliohitaji kujua siku ya kupanda na siku ya kutweka tanga walihesabu mwaka wa siku 365 kwa miongo, siku kumi kumi, na Makunduchi bado huusherehekea kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai.

Pepo zetu ni za jua. Mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4, hivyo Disemba jua huwa kusini, ardhi ya huko hupata moto, na hewa huteremka kutoka Arabuni na Bara Hindi: kaskazi hiyo, iliyoleta majahazi. Katikati ya mwaka mambo hugeuka, likaja kusi la kuyarudisha. Wengine hudhani joto la Januari hutokana na kuwa karibu na jua. Ni kweli mwanzoni mwa Januari ndipo tunapokuwa karibu nalo zaidi, kilomita milioni 147 hivi, ila siku hizo hizo Ulaya kunaanguka theluji.

Ukitaka kuliona jua likipita juu yako, simika kijiti wima uwanjani karibu na tarehe 5 Machi, na tena karibu na 8 Oktoba. Machi utazame kama saa sita na nusu mchana, Oktoba mapema kidogo. Kivuli hutoweka. Walioko Pemba wangoje siku mbili zaidi mwezi wa Machi, na watangulie siku mbili Oktoba.