Ini la fundi rangi

Jioni kazi ikiisha, fundi rangi humimina thina kwenye kopo, akajipaka hadi viwikoni, kisha akajifuta kwa tambara. Mikono hubaki imepauka kama iliyopakwa chokaa. Weupe ule ni ngozi iliyovuliwa mafuta yake, na ngozi ya namna hiyo hupitisha kemikali kirahisi zaidi.

Wengi hujitetea kwamba wanavaa barakoa. Ile ya kitambaa, hata ya hospitali, haizuii mvuke wa thina. Kinachouzuia ni barakoa yenye chujio la mkaa, na chujio likishiba hubadilishwa.

Viyeyushi kadhaa, yaani vimiminika vya kuyeyushia vitu kama ilivyo thina, huingia mwilini vikiwa na madhara madogo, halafu ini, katika kuvivunja, huvigeuza kuwa sumu. Mfano ni tetrakloridi ya kaboni, iliyowahi kutumiwa na madobi wa Ulaya na Marekani kufulia nguo bila maji. Kimeng'enya kinachoivunja, yaani protini ya ini iitwayo CYP2E1, huongezeka kwa mtu anayekunywa pombe kila siku. Wawili wakivuta mvuke uleule, mlevi ndiye huumia zaidi.

Dimethilifomamidi, kiyeyushi kingine kinachotumika kutengeneza ngozi bandia, hupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Mfanyakazi akinywa bia jioni, uso humuwaka moto, naye hudhani ni bia mbovu. Kwenye kiwanda kimoja cha Marekani kilichotumia kiyeyushi hicho kupaka vitambaa plastiki, miaka ya 1980, zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliopimwa walikutwa na vimeng'enya vya ini vilivyopanda kwenye damu, dalili ya ini kuumia.

Thina ya gereji, niseme ukweli, huumiza ubongo kuliko ini. Shida ni kwamba inauzwa kwenye chupa za maji zisizo na lebo, na aliyeichanganya ndiye peke yake anayejua alichotia.

Ini likianza kuumia, mara nyingi halisemi. Macho yanapogeuka njano, madhara yamekwisha kwenda mbali. Daktari naye akiona kipimo kimepanda atauliza homa ya ini na pombe. Kazi yako mtajie wewe, pamoja na jina la kemikali. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baadaye. Dai kipimo hicho, na nakala ya majibu ukae nayo.

Na mikono? Mafuta ya kula hulainisha rangi ya mafuta kabla haijakauka. Sugua, futa, kisha sabuni na maji.