Neno "Mswahili" halitokani na "sawa hila"

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya mazungumzo ukidai kwamba "Mswahili" asili yake ni "sawa hila", yaani mtu wa ujanja. Si kweli. Neno hilo linatokana na Kiarabu: "sahil" ni pwani, wingi wake "sawahil". Mswahili ni mtu wa pwani, basi. Fungua kamusi yoyote ya Kiarabu uhakikishe. Jina la ukanda wa Sahel, kusini mwa Sahara, lina mzizi huohuo.

"Sawa hila" ni mzaha wa zamani, uliandikwa tangu karne ya 19. Sauti zinafanana, na watu huita ujanja "uswahili", ndiyo maana unaaminika. Ukiletewa, usiusambaze, mweleze aliyekutumia.