Indiketa za LED kwenye pikipiki: taa ni nzima, tazama flasha

Wenye bodaboda wanaokuja kwangu hapa Kondele, Kisumu, baada ya kuondoa indiketa za balbu na kufunga za LED, huleta moja kati ya malalamiko mawili. Ama taa zinapepesa mbio kupita kiasi, ama ukiwasha za kushoto zinawaka zote nne. “Fundi, nimeuziwa taa mbovu,” ndivyo wengi huanza. Mara nyingi taa ni nzima kabisa. Wayaringi ya pikipiki ndiyo inayotegemea balbu, na balbu hazipo tena.

Tupige hesabu. Balbu ya indiketa kwenye pikipiki ndogo kwa kawaida ni ya volti 12, wati 10. Kila upande una balbu mbili, kwa hiyo wati 20, karibu ampea 1.7. Indiketa ya LED hula wati moja hivi au mbili, na mbili kwa pamoja hazifiki hata nusu ampea. Sasa flasha, kile kidude kinachokata umeme na kuurudisha, kimepangwa kwa mzigo ule mkubwa. Flasha za kizamani zina bamba la metali mbili ambalo hupata joto umeme ukipita, likajipinda na kukata. Umeme ukiwa mdogo halipati joto la kutosha, na taa inawaka tu bila kupepesa. Nyingine zina saketi ndani, nazo zikiona mzigo umepungua huhesabu kwamba balbu imeungua, basi huongeza mbio ili kumshtua dereva. Mpepeso unaofaa ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Maduka ya spea yatakuuzia rezista uiunge sambamba na kila taa ili flasha idhani balbu zimerudi. Inafanya kazi, sikatai. Lakini rezista ya omu 14 hivi hunywa wati 10 zilezile ulizokuwa unazikimbia, na inazigeuza kuwa joto. Nimeona ganda la plastiki la nyuma limeyeyuka kwa sababu rezista ilifungwa ikaligusa. Mimi siziweki. Nunua flasha ya elektroniki isiyojali mzigo, iliyotengenezwa kwa LED. Nyingi zina miguu mitatu: B ni umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, L unaenda kwenye swichi ya hendobo, na E ni ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Usiamini mpangilio wa miguu kwa macho, maana watengenezaji hawafanani. Soma herufi, kisha pima kwa mita kabla ya kuchomeka.

Lile la taa nne kuwaka pamoja ndilo linalowasumbua hata mafundi. Angalia dashibodi. Kama ina taa moja tu ya indiketa kwa pande zote mbili, kuna uwezekano mkubwa imeungwa katikati ya waya wa kushoto na wa kulia, bila ethi yake yenyewe. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye taa ya dashibodi na kutafuta ethi kupitia balbu za kulia. Umeme huo mdogo hauwezi kuwasha balbu ya wati 10, kwa hiyo zamani hukuuona. LED zinauhitaji huohuo tu, nazo zinawaka. Kubadilisha flasha hakutasaidia hapa hata kidogo.

Dawa ni dayodi mbili za 1N4007, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ambazo bei yake ni ndogo mno. Waya wa kushoto uingie kwenye dayodi moja, wa kulia kwenye nyingine, na ncha zote mbili zenye mstari ziunganishwe pamoja ziende kwenye mguu mmoja wa taa ya dashibodi. Mguu wa pili wa taa hiyo upeleke kwenye ethi. Umeme sasa unafika dashibodini lakini hauwezi kuvuka upande wa pili. Kumbuka pia kwamba LED yenyewe haikubali kugeuzwa: ikikataa kuwaka, badilishana chanya na hasi kabla hujaitupa.

Viungo vya waya vilehemu, kisha uvivike mpira unaobana ukipashwa moto. Kusokota na kuzungusha selotepu hakustahimili mvua zetu za jioni zinazotoka ziwani.

Na tafadhali usichague taa kwa urembo. Vile vijitaa vyembamba vyenye kioo cheusi havionekani saa saba mchana, jua likiwa utosini, na dereva wa matatu aliye nyuma yako hatajua unakata kulia. Chagua rangi ya machungwa iliyo wazi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka indiketa za mbele ziachane angalau milimita 240 na za nyuma 180, kwa sababu zikisongamana mtu hatambui ni upande upi unaopepesa. Simama hatua kumi nyuma ya pikipiki juani ujionee mwenyewe.

Kabla ya yote haya, washa injini, vuta eksileta kidogo, na upime betri. Volti kati ya 13.5 na 14.8 ni salama. Ikipita 15, regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji, imekufa na itakuunguzia LED mpya moja baada ya nyingine, kwa hiyo badilisha hiyo kwanza.