Maana ya roki ya mandhari ya sauti

Roki ya mandhari ya sauti ni muziki wa roki ambamo hali inayojengwa na sauti zenyewe, yaani uzito wake, umbali wake na jinsi zinavyoenea, hutangulia mbele ya beti na kiitikio. Gitaa, besi na drams hubaki, lakini hupigwa pamoja na sinthesaiza (ala inayounda sauti kwa umeme), mashine za midundo na vipande vya sauti vilivyochakatwa kwa kompyuta.

Kuwapo kwa sinthesaiza peke yake hakutoshi, kwa kuwa bendi nyingi za roki zimeitumia kama pambo tu. Kinachoitofautisha aina hii ni kwamba ala hubadilishana kazi: gitaa, likipitishwa kwenye vifaa vya mwangwi, hupoteza mshindo wa uzi kuguswa na kuwa sauti ndefu isiyo na mwanzo dhahiri, ilhali mashine ndiyo inayoshika mdundo na pengine hata kubeba melodia. Jónsi wa kundi la Sigur Rós la Iceland hulipiga gitaa lake kwa upinde wa selo, na anayelisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kuwa ni kinanda.

Mbegu za aina hii ni za zamani kidogo. Mwaka 1973 bendi ya Pink Floyd ilijenga wimbo wa "On the Run" juu ya mfuatano wa noti za sinthesaiza unaojirudia kwa kasi, na mwaka 1977 mwimbaji David Bowie, akishirikiana na mwanamuziki Brian Eno, aliutenga upande wa pili wa albamu ya Low kwa vipande ambavyo karibu vyote havina mashairi.

Mfano ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni Kid A, albamu ya bendi ya Radiohead iliyotoka mwaka 2000. Wimbo wa "Idioteque" huendeshwa na midundo ya mashine, lakini katika albamu hiyohiyo "The National Anthem" ina wapiga tarumbeta na saksafoni halisi ambao sauti zao hugongana kwa makusudi. Humo pia husikika Ondes Martenot, ala iliyobuniwa na Mfaransa Maurice Martenot na kuonyeshwa hadharani mwaka 1928, ambayo sauti yake huzalishwa kwa umeme ingawa mpigaji huiongoza kwa mkono, noti kwa noti. Ala kama hiyo huonyesha kwamba mpaka kati ya sauti za kielektroniki na zile zinazopigwa moja kwa moja kwa mkono si mkali kama unavyodhaniwa.

Ugumu hujitokeza jukwaani, kwani tabaka zilizopangwa studio kwa wiki nyingi haziwezi zote kupigwa na watu wanne au watano. Baadhi ya bendi huzicheza sehemu zilizorekodiwa huku mpiga drams akifuata mapigo ya kuongozea kwenye vipokea sauti vya masikioni. Nyingine huupanga wimbo upya, hata kama utatoka tofauti kabisa na ule wa albamu.